Boksi moja au mawili? Mwongozo wa kucheza mikono mingi kwenye blekjeki bila kuumiza mfuko

Vijana wanaoanza kuingia kasino za Posta, Upanga na Masaki jijini Dar es Salaam huuliza swali hili sana, na siku hizi wanaocheza kwenye simu wanauliza zaidi: nikicheza mikono miwili au mitatu kwa mpigo kwenye blekjeki, ule mchezo wa karata wa kuikaribia 21 kuliko dila (mgawa karata wa kasino) bila kuivuka, nafasi yangu ya kushinda inaongezeka?

Hapana, haiongezeki. Kila shilingi unayoweka mezani inakatwa kwa kiwango kilekile, iwe imekaa yote kwenye boksi moja (duara la dau la mkono mmoja) au umeitawanya kwenye maboksi matatu. Kinachobadilika ni vitu viwili: pesa inayopita mezani kwa saa, na ukubwa wa kupanda na kushuka kwa mfuko wako. Mtu akijua kuvipima hivyo viwili, maboksi mawili yanaweza kumweka mezani muda mrefu zaidi kwa pesa ileile. Asipojua, yatammaliza haraka kuliko boksi moja, na kwa bahati mbaya wengi huyatumia kwa namna hiyo ya pili. Ndiyo maana nimeona tulichambue jambo hili hatua kwa hatua, kwa hesabu za shilingi.

Kwanza ijue faida ya kasino. Meza yenye sheria nzuri, ikichezwa kwa mpango sahihi wa msingi, yaani kanuni za nini cha kufanya kwa kila mkono, inaiachia kasino takriban nusu asilimia. Yaani katika kila shilingi 10,000 inayopita mezani, kasino inabaki na wastani wa shilingi 50. Mpango huo una historia nzuri: mwaka 1956 Wamarekani wanne waliokuwa jeshini, Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, waliuchapisha baada ya kuukokotoa kwa mashine za kawaida za hesabu, kabla kompyuta hazijazoeleka. Anayecheza kwa hisia, leo anavuta karata nyingine kwenye 13, kesho anasimama na alizo nazo, ni rahisi kuiachia kasino asilimia 2 au zaidi. Tofauti hiyo kati ya nusu na mbili ni kubwa kuliko chochote utakachokipata au kukipoteza kwa kuongeza maboksi.

Hatua ya 1: Soma meza kabla ya kuvuta kiti

Simama pembeni raundi chache. Tazama maandishi yaliyo kwenye kitambaa cha meza: blekjeki, yaani ree na karata ya kumi (10 au yenye picha) kwenye karata zako mbili za kwanza, inalipwa 3 kwa 2 au 6 kwa 5? Ukiweka 10,000, meza ya kwanza inakupa faida ya 15,000, ya pili 12,000. Blekjeki huja wastani wa mara moja katika kila mikono 21, kwa hiyo ile 3,000 inayokatwa ni kama shilingi 140 katika kila mkono wa 10,000. Hiyo ni asilimia 1.4 inayojumlishwa juu ya ile nusu. Meza ya 6 kwa 5 haifai hata kwa boksi moja, sembuse mawili. Iache.

Kisha muulize dila mambo matatu. Akipata 17 yenye ree inayohesabiwa 11, anasimama au anavuta? Akisimama ni nafuu kwako kwa kama asilimia 0.2. Anajichukulia karata yake ya pili mwanzoni, au anasubiri wachezaji wote wamalize? Na la tatu, ambalo ndilo la mada yetu: mchezaji mmoja akikalia maboksi mawili, dau la chini la kila boksi linabaki lilelile? Kasino nyingi duniani hudai dau la chini mara mbili kwa kila boksi mtu anapocheza zaidi ya moja. Sharti hilo likiwepo, mpango wa kugawa dau nitakaoueleza huenda ukavunjika, na ni bora ulijue ukiwa bado umesimama.

Kuhusu uhalali sina mengi ya kusema. Umri ni miaka 18 kwenda juu, na mwendeshaji awe na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Usicheze mahali pasipo na leseni hiyo. Ukidhulumiwa huko hutakuwa na pa kulalamika.

Hatua ya 2: Uweze mkono mmoja kwanza

Kama bado unafikiria ufanye nini ukiwa na 12 dhidi ya 4 ya dila, maboksi mawili yatakuzidi. Utaharakishwa, wenzako mezani watakutazama, na utaanza kubahatisha.

Yajue haya bila kufikiri. Ukiwa na 12 hadi 16 na dila anaonyesha 4, 5 au 6, simama. Dila akionyesha 7 kwenda juu, hizo 12 hadi 16 uvute. Ukiwa na 11, ongeza dau maradufu (ndiko kudabo, unapata karata moja tu) dila anapoonyesha 2 hadi 9. Pea ya ree igawe iwe mikono miwili, kila mmoja na dau lake, isipokuwa kwenye meza ambayo dila hana karata ya pili naye anaonyesha ree. Pea ya 8 igawe dhidi ya 2 hadi 9. Pea ya kumi usiiguse, hata kama jirani anakuhimiza. Kwa 8 mbili dhidi ya 10 au ree, jibu linategemea lile swali ulilomuuliza dila: asipojichukulia karata ya pili mwanzoni, usigawe, vuta tu, maana akija kupata blekjeki madau yote mawili yanakwenda.

Hatua ya 3: Gawa dau, usilizidishe

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe, kwa hiyo twende taratibu.

Chukulia umeamua kuweka 10,000 kwa kila raundi, unacheza vizuri, na faida ya kasino ni nusu asilimia. Una njia tatu: boksi moja la 10,000, maboksi mawili ya 5,000, au maboksi mawili ya 10,000 kila moja.

Kwanza tuangalie mwendo. Ukiwa peke yako na dila, boksi moja linaweza kwenda raundi kama 200 kwa saa. Ukikalia maboksi mawili, dila ana karata nyingi zaidi za kugawa na kuokota, raundi zinashuka hadi kama 140. Sasa zidisha. Boksi moja la 10,000 linapitisha mezani milioni 2 kwa saa, na gharama yako ya wastani ni 10,000. Maboksi mawili ya 5,000 yanapitisha milioni 1.4, gharama 7,000. Maboksi mawili ya 10,000 yanapitisha milioni 2.8, gharama 14,000.

Umeona? Asilimia haikusogea, lakini anayegawa dau amelipa pungufu kwa asilimia 30, kwa sababu tu ameupunguza mwendo wa meza. Aliyezidisha dau amelipa mara mbili ya aliyegawa.

Meza ikijaa, faida hiyo ya kupunguza mwendo karibu inatoweka. Mikono sita mezani ni raundi kama 60 kwa saa. Ukiongeza wa saba zinakuwa kama 52. Boksi moja la 10,000 linagharimu wastani wa 3,000 kwa saa, maboksi mawili ya 5,000 yanagharimu 2,600, na mawili ya 10,000 yanagharimu 5,200. Kwa anayecheza kwa hisia, kwa ile asilimia 2, zidisha kila tarakimu hapo mara nne.

Sasa kupanda na kushuka. Hili ndilo linaloamua kama utamaliza jioni ukiwa bado na chipu mbele yako. Boksi moja la 10,000, katika raundi 100, mpigo wake wa kawaida, yaani umbali wa kawaida wa mfuko kutoka kwenye wastani, ni kama 115,000 juu au chini. Lile dau likigawanywa 5,000 kwa 5,000, mpigo unashuka hadi kama 95,000. Ukiweka 10,000 kwa 10,000 unapanda hadi kama 190,000.

Mtu anaweza kutegemea kwamba kugawa dau kwenye mikono miwili kutapunguza mpigo kwa kiasi kikubwa zaidi ya hicho, kama ambavyo ingekuwa kwenye meza mbili tofauti. Haiwi hivyo, kwa kuwa mikono yako yote miwili inapambana na dila mmoja mwenye karata zilezile. Akipata 20, yote miwili iko taabani. Akivuka 21, yote iliyobaki hai inakula. Ndiyo sababu boksi la tatu linasaidia kidogo tu: ile 10,000 ukiigawa mara tatu, mpigo unafika kama 87,000. Mimi huishia maboksi mawili. La tatu linaongeza kazi ya kichwa kuliko nafuu inayoleta.

Kwa hiyo kanuni ya hatua hii ni fupi. Amua jumla ya dau la raundi kwanza, kisha igawe kwa idadi ya maboksi. Kama dau la chini la meza halikuruhusu kugawa, cheza boksi moja.

Hatua ya 4: Weka akiba ya kugawa pea na kudabo

Watu hupanga bajeti kwa dau la mwanzo wakasahau kwamba blekjeki inakuita uongeze katikati ya raundi. Tazama raundi hii moja.

Umeweka 10,000 kwa 10,000. Dila anaonyesha 6, karata tamu kwako, maana akianza na 6 huvuka 21 takriban mara 42 katika 100. Boksi la kwanza una 8 na 8. Boksi la pili una 6 na 5. Mpango wa msingi uko wazi: gawa zile 8, dabo ile 11. Unasukuma chipu za 10,000 kando ya pea. Juu ya 8 ya kwanza inakuja 3, sasa ni 11, unadabo: 10,000 nyingine. Inakuja 9, jumla 20. Juu ya 8 ya pili inakuja jeki, 18, unasimama. Boksi la pili unadabo, 10,000 tena, inakuja 8, jumla 19.

Ulianza na 20,000. Mezani sasa kuna 50,000, na hukufanya kosa lolote. Dila anafungua: 6, kisha 5, kisha kumi. Ishirini na moja. Anaokota zote: 20 yako, 18 yako, 19 yako, kwa karata tatu tu za kwake.

Ni raundi ya kawaida kabisa, na siku nyingine itakwenda upande wako uondoke na faida ya 50,000. Muhimu ni kwamba mtu aliyebakiwa na 25,000 mfukoni asingeweza kuicheza inavyotakiwa. Angeacha kudabo mahali ambapo kudabo ndiko kunakomrudishia pesa, na kila anapofanya hivyo anaiongezea kasino faida.

Kwa maboksi mawili ya 5,000, ukitaka kukaa raundi kama 100, ingia na 200,000 hivi. Hiyo ni mara mbili ya ule mpigo wa 95,000, inatosha kukufikisha mara nyingi, si kila mara. Kwa mawili ya 10,000 unahitaji karibu 400,000. Kama kiasi hicho ni kodi ya nyumba au ada ya mtoto, basi jibu la mikono mingi kwako limekwisha kupatikana hapo hapo.

Jambo dogo la vitendo: chipu za akiba ziweke rundo moja nyuma, mbali na maduara ya dau. Ukichanganya, dila anaweza kukuuliza kama umeongeza dau, na ukijibu kwa papara umeingia raundi usiyoipanga.

Hatua ya 5: Kila mkono ucheze peke yake, na bima uikatae

Maliza boksi la kwanza kabisa kabla hujawaza la pili. Kosa ninaloliona mara nyingi kwa wanaoanza ni kuufanya mkono mmoja ulinde mwingine: "Huku nina 20, basi huku kwenye 16 ngoja nisimame, angalau nibaki na mmoja." Mkono wa 16 dhidi ya 10 ya dila unavutwa, awe jirani yake ana 20 au ana 5. Mikono haisaidiani.

Bima, yaani dau la pembeni kwamba dila anayeonyesha ree ana blekjeki, ndiyo inayowanasa wengi wenye maboksi mawili. Dila anaonyesha ree, wewe una 20 kwenye boksi la kwanza na 20 kwenye la pili. Moyo unasema, mikono mizuri hivi, nikate bima nisiipoteze. Hesabu inasema kinyume. Bima inalipa 2 kwa 1, kwa hiyo ili isikutie hasara karata ya pili ya dila inapaswa kuwa ya kumi mara 1 katika 3. Kwenye kisanduku cha pakiti sita kuna karata za kumi 96 kati ya 312. Wewe umeshika nne, na ree ya dila iko wazi. Zimebaki 92 kati ya 307, chini kidogo ya asilimia 30. Ukiwa na 20 mbili, ndipo bima inakuwa mbaya zaidi, kwa kuwa karata zinazoifanya ilipe umezikalia wewe mwenyewe.

Hatua ya 6: Yapuuze ya mezani

Kuna kauli utaisikia karibu kila meza, na kwenye vijiwe vya Sinza na Kinondoni utaisikia kabla hata hujafika mezani: "Kaka, nikikalia maboksi mawili ya mwisho namnyima dila karata yake ya kumwokoa."

Mdogo wangu, hiyo karata umeiona kabla haijafunguliwa? Karata inayofuata inaweza kuwa ya kumwokoa dila, na kwa uwezekano uleule inaweza kuwa ya kumzamisha. Ukiichukua wewe, inayokuja nyuma yake nayo haijulikani. Tunakumbuka ile siku mtu alivuta kumi ambayo ingemvusha dila 21, tukamlaumu hadi barabarani. Mara zote ambazo kuvuta kwake kulituokoa hakuna aliyezihesabu.

Kuna mtu mmoja tu ambaye maboksi mengi yana maana tofauti kwake, naye ni anayehesabu karata. Mwaka 1962 mwanahisabati wa Marekani, Edward Thorp, alionyesha hadharani kwamba kisanduku kinapobaki na kumi nyingi na ree nyingi, faida inahamia kwa mchezaji. Wakati huo mhesabuji akihama kutoka boksi moja kwenda mawili, anaweza kuweka kama robo tatu ya dau lake kwenye kila boksi: jumla ni mara moja na nusu ya dau la awali, na hatari inabaki karibu ileile. Lakini hayo yanadai mazoezi ya miezi mingi, kisanduku kinachogawiwa hadi karibu na mwisho, na kasino isiyokushtukia. Ukikuta mashine inayochanganya karata mfululizo, kila karata iliyotumika inarudi ndani mara moja na kuhesabu hakuna maana tena. Kwa msomaji wa kawaida wa mwongozo huu, faida ile ya nusu asilimia iko upande wa kasino kila raundi.

Hatua ya 7: Kwenye simu, hesabu ya mwendo inageuka

Ile nafuu ya Hatua ya 3, ya kupunguza mwendo, ilitokana na mikono ya dila. Kwenye programu ya simu hakuna mikono. Unabonyeza, karata zinatokea, unabonyeza tena. Mikono mitano kwa mara moja huenda kasi karibu sawa na mmoja, na karata kwa kawaida huchanganywa upya kila raundi, kwa hiyo hakuna cha kukumbuka wala kufuatilia. Anayecheza mikono mitano ya 1,000 kila raundi, raundi 300 kwa saa, amepitisha milioni 1.5 akiwa amekaa kwenye daladala ya Mbagala, na anaamini anacheza dau dogo.

Kama unacheza huko, fanya haya kabla ya kufungua mchezo. Tuma kutoka kwenye akaunti yako ya pesa ya simu kiasi kimoja tu, ulichokiamua ukiwa nyumbani, na usitume cha pili siku hiyo. Cheza mkono mmoja. Ukitaka miwili, gawa dau nusu kwa nusu na ujiwekee saa ya kuacha. Pale kwenye meza za moja kwa moja zenye dila anayeonekana kwa video, mara nyingi kuna nafasi ya kuweka dau nyuma ya mchezaji mwingine. Usifanye hivyo kama humjui, maana akivuta vibaya unalipia maamuzi yake.

Hatua ya 8: Jaribu nyumbani kwa maharage

Nunua pakiti sita za karata Kariakoo, ondoa majoka, changanya vizuri, na uchukue bakuli la maharage. Mwombe ndugu yako awe dila kwa sheria za meza unayotaka kwenda.

Cheza raundi 100 kwa boksi moja la maharage manne. Blekjeki ilipwe sita. Kisha raundi 100 kwa maboksi mawili ya maharage mawili. Blekjeki ilipwe tatu. Andika kwenye daftari, kila baada ya raundi 10, umebaki na maharage mangapi, na uandike pia muda. Usijali nani alimaliza juu, raundi 100 ni chache mno kuthibitisha hilo, bahati bado ndiyo inayotawala. Tazama ulishuka chini kabisa kiasi gani kwenye kila mtindo, na raundi 100 za maboksi mawili zilichukua dakika ngapi zaidi.

Ongeza safu moja zaidi: raundi ambazo mkono mmoja ulikula na mwingine ukaliwa. Ukizilinganisha na raundi ambazo yote miwili ilikula au yote miwili ililiwa, utaona kwenye daftari lako ni kiasi gani dila mmoja anaifunga mikono yako pamoja. Hapo utaamua mwenyewe kama boksi la pili lina thamani kwako kwa dau unalolimudu.